Kliniki ya afya ya akili ya wanawake jijini Dar es Salaam: tathmini ya mteja baada ya miaka 2

Ninaandika tathmini hii kwa kuwa nimeingia katika kliniki hiyo kwa milango miwili: kwanza nikiwa mama wa mgonjwa, nilipompeleka binti yangu akiwa mzazi wa wiki 7, na miezi 11 baadaye nikiwa mgonjwa mwenyewe, nilipofunguliwa faili langu nikiwa na umri wa miaka 48. Jina la kliniki sitalitaja, kwa sababu nitaeleza mambo ya nyumbani kwangu na nitaeleza pia mapungufu ya huduma. Nitakachojitahidi kueleza kwa ukamilifu ni namna kazi inavyofanyika pale, ili mwanamke anayetafuta huduma ya aina hii mahali pengine ajue aulize nini.

Kliniki ni vyumba vitatu katika ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Ina daktari bingwa wa magonjwa ya akili mmoja, mwanasaikolojia mmoja na muuguzi mkunga mmoja, na hufunguliwa Alhamisi alasiri na Jumamosi asubuhi. Kumwona daktari kwa mara ya kwanza ni shilingi 50,000, na marudio ni shilingi 30,000. Kibao cha mlangoni kimeandikwa kuwa ni kliniki ya wanawake, hakitaji magonjwa ya akili, na ninaamini kwamba wanawake wengi wasingepanda ngazi zile kama kingetaja. Binti yangu alikubali kuingia kwa sababu hiyo tu.

Jambo linaloitofautisha kliniki hii na kwingine kote nilikopita ni swali la kwanza. Daktari, ambaye kwa umri ni mdogo kwangu, aliniamkia kwa shikamoo, akanikaribisha kiti, kisha akaniuliza mara ya mwisho niliona siku zangu lini. Kwa malezi yetu, kijana kumuuliza mtu mzima swali hilo ni jambo zito, naye alilijua hilo, kwani aliomba radhi kwanza na akaeleza sababu kabla ya kutaka jibu. Alichukua karatasi, akachora mstari mmoja mrefu kutoka mwaka niliovunja ungo hadi siku ile, akaweka juu ya mstari kila mimba, kila uzazi, mimba moja iliyoharibika, na kila njia ya uzazi wa mpango niliyowahi kutumia, yaani vidonge vya majira, sindano, na baadaye kitanzi. Chini ya mstari aliniomba nitaje nyakati ambazo moyo wangu ulikuwa mzito, au usingizi ulinipotea, au hasira zilinitawala kiasi cha kuwaogopesha watu wa nyumbani. Kazi hiyo ilichukua karibu dakika 40. Nimetibiwa katika vituo kadhaa maishani mwangu, na sikumbuki aliyewahi kuziweka habari hizo mbili kwenye karatasi moja.

Nianze na binti yangu. Alijifungua salama, mtoto wa kike wa kilo 3.1, akaja kwangu kukaa arobaini yake kama desturi yetu ilivyo. Alikandwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga na supu ya pweza, shangazi zake wakapokezana zamu, na kwa macho ya wageni kila kitu kilikuwa sawa. Siku ya nne alilia mchana kutwa, nasi hatukushtuka, kwa sababu machozi ya siku za mwanzo huwapata zaidi ya nusu ya wazazi na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Yake hayakuisha. Kufikia wiki ya tano alikuwa akimnyonyesha mtoto huku akitazama ukutani, akinieleza kwamba mtoto angekuwa na heri zaidi kama angelelewa na mtu mwingine. Shangazi mmoja alisema ni kisirani, mwingine akasema amechezewa. Nilimpeleka kuombewa, na sijuti kwa hilo. Ninachojutia ni wiki 2 zilizopita kabla sijampeleka kwa daktari.

Muuguzi mkunga alimpa maswali 10, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua, yote yakihusu siku 7 zilizopita. Maswali hayo yalitungwa huko Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, na uzuri wake ni kwamba hayamhesabii mzazi uchovu wa kawaida wa kuamka usiku kama ugonjwa, bali yanauliza kama bado anaweza kucheka, kama bado anatazamia jambo lolote kwa furaha, kama anajilaumu pasipo sababu. Tafsiri waliyonayo ni nzuri kuliko nilivyotarajia, kwani imetumia maneno ambayo mzazi angeyasema mwenyewe, kama vile "mambo yamekuwa yakinielemea". Binti yangu alipata alama 19 kati ya 30, wakati kuanzia 13 tayari huhesabiwa kuwa dalili kubwa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Swali la kumi linahusu wazo la kujidhuru. Alichagua jibu la "mara chache sana", na mimi niliyekuwa nimekaa kando nilishusha pumzi nikidhani kwamba "mara chache" ni habari njema. Muuguzi hakushusha pumzi. Aliniomba kwa upole nitoke nje, akabaki naye peke yake, na nilipoitwa tena daktari alikuwa amekwisha kuja na palikuwa na mpango wa nani atalala naye chumba kimoja usiku huo na dawa zote za nyumbani zitafungiwa wapi. Kwa utaratibu wao, jibu lolote la swali hilo lisilokuwa "hapana kabisa" halimruhusu mgonjwa kuondoka bila mazungumzo hayo.

Maelezo waliyotupa kuhusu mwili yalikuwa ya wazi, na ndiyo yaliyomfanya mkwe wangu aache kudhani kwamba mke wake hampendi mtoto. Wakati wa ujauzito, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda hadi viwango visivyofikiwa wakati mwingine wowote wa maisha ya mwanamke, na kondo la nyuma likishatoka huporomoka ndani ya siku chache. Projesteroni huzaa kemikali nyingine inayotuliza ubongo, nayo hushuka pamoja nayo. Wanawake wengi huuhimili mporomoko huo, lakini wako ambao ubongo wao huupokea kwa ukali zaidi, na hao hawana kosa walilolitenda. Sio homoni peke yake, alituambia daktari, kwa kuwa kukosa usingizi, ugomvi wa nyumbani, dhiki ya fedha na upweke vyote huongeza uzito, lakini ni vyema familia ijue kwamba pana jambo la mwilini linaloendelea.

Kabla ya kuandika dawa yoyote aliagiza vipimo viwili tu, cha wingi wa damu na cha tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa sababu upungufu wa damu unaweza kumwacha mzazi hoi akadhaniwa ana sonona, na tezi hiyo huweza kuvurugika katika miezi ya baada ya kujifungua na kuleta dalili zinazofanana kabisa. Tezi ilikuwa salama, damu ilikuwa pungufu, 8.9, akaanzishiwa madini ya chuma. Kisha akamwandikia setralini, dawa ya sonona, kwa kipimo kidogo, akieleza kwamba kiasi kinachoingia katika maziwa ni kidogo mno, kwamba nafuu haitaonekana kabla ya wiki 2 na huenda ikachukua hadi 6, na kwamba akipona asiiache ghafla, bali aendelee nayo kwa miezi kadhaa. Nilimuuliza kuhusu vidonge vilivyoidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2023 mahususi kwa sonona ya baada ya kujifungua, vinavyomezwa kwa siku 14 tu, ambavyo nilikuwa nimesoma habari zake. Hakujifanya kuwa navyo wala hakuvibeza. Alisema hana, kisha akatumia muda kutueleza alichonacho. Kwa mwanasaikolojia binti yangu alikwenda mara 8. Mwezi wa tatu alianza kumwimbia mtoto, nami nilikuwa jikoni nikamsikia.

Kuna onyo moja tulilopewa siku ile ya kwanza ambalo ninaliweka hapa kwa sababu linahusu uhai. Katika kila uzazi 1,000, mwanamke mmoja au wawili hupatwa na hali tofauti kabisa na sonona, ambayo huanza mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo: halali hata mtoto akiwa amelala, anaongea haraka haraka, anasikia sauti, anaamini kwamba mtoto amebadilishwa au kwamba ametumwa kufanya jambo fulani. Hilo halisubiri miadi ya Alhamisi. Tuliambiwa mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika moja.

Onyo hilo lilitufaa, kwani mdogo wangu ana ugonjwa wa bipola, unaompeleka mtu kutoka huzuni nzito hadi uchangamfu uliopita kiasi, na mwanamke mwenye ugonjwa huo ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 5 wa kupatwa na hali niliyoieleza akijifungua. Yeye nilimleta akiwa mjamzito wa miezi 4, mimba ambayo hakuitarajia, kwa kuwa alikuwa na kijiti mkononi na alikuwa ameambiwa kwamba kijiti hakina shaka. Kilichotokea ni kwamba hospitali aliyokuwa akitibiwa, ambayo nayo sitaitaja, ilimwandikia kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa bipola, kwa miaka mitatu bila kumuuliza anatumia uzazi wa mpango gani. Dawa hiyo hulifanya ini livunje homoni za kijiti na za vidonge vya majira kwa kasi, kinga ikapungua bila yeye kujua. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriki namna hiyo, na angeelezwa angechagua kimojawapo. Jambo hili linanikera hadi leo, maana lilihitaji swali moja tu. Daktari wa kliniki hii alimkataza kuacha dawa kwa hofu, akawasiliana na daktari wa uzazi, akapunguza kilichoweza kupunguzwa, na akatueleza kwa nini dawa ya valproeti, inayotumika sana kwa kifafa na kwa bipola, haipaswi kuandikiwa mwanamke anayeweza kushika mimba ikiwa ipo dawa nyingine ya kumfaa: mtoto mmoja kati ya 10 waliopitiwa nayo tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, na watatu hadi wanne kati ya 10 huchelewa katika kukua kwa akili. Mdogo wangu alijifungua salama. Kwa wiki 6 tulimlindia usingizi wake wa usiku kama tunavyolinda dawa, mtoto akilishwa na sisi kwa zamu, na hakuugua.

Sasa habari zangu. Nilianza kuamka saa tisa za usiku nikiwa nimelowa jasho, moyo ukinienda mbio, na mchana nikawa mkali kwa wanafunzi wangu kiasi ambacho mwalimu mkuu aliniita. Kituo cha kwanza nilichokwenda kilinipa vidonge vya usingizi vya diazepamu na kunirudisha nyumbani, nikavitumia miezi miwili na nikaanza kuvihitaji. Katika kliniki hii daktari alirudi kwenye ule mstari. Hedhi yangu ilikuwa imeanza kuruka miezi. Nilimwambia nipo tayari kulipia vipimo vya homoni, akakataa kuniandikia, akisema kwamba kwa mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili kama zangu kipimo hicho hakiongezi kitu, kwa sababu katika miaka ya kuelekea kukoma hedhi homoni hupanda na kushuka wiki hadi wiki, na jibu la Jumatatu si jibu la Ijumaa. Nimeshalipia vipimo vingi visivyo na faida katika maisha yangu, hivyo ninalitaja hili kama sifa.

Kisha akaweka kidole juu ya mstari, mahali nilipozaa kifungua mimba wangu, ambaye ndiye huyo binti niliyemleta, akaniuliza kwa nini chini yake sikuandika chochote kwa karibu mwaka mzima wakati kila mahali pengine nimeandika. Nilikaa kimya. Mwaka ule nilikuwa sipiki, sichani nywele, na mama yangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba nimechoka na uzazi. Hakuna aliyeuita ugonjwa, mimi mwenyewe sikuuita, na kwa miaka 26 sikuwahi kumsimulia mtu. Daktari alinieleza kwamba mwanamke aliyewahi kupata sonona baada ya kujifungua yumo katika wale ambao mabadiliko ya kukoma hedhi huwagusa zaidi. Nililia pale, na hakunikimbiza ingawa nje palikuwa na foleni.

Matibabu yangu tuliyachagua pamoja. Alinieleza kuhusu tiba ya homoni, akisisitiza kwamba mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake bali huongezewa projesteroni ili kuukinga ukuta wa mfuko huo. Alinieleza pia kwamba zipo dawa za sonona ambazo hupunguza vipindi vya joto la ghafla mwilini na jasho. Kwa kuwa dada yetu mkubwa amewahi kuugua saratani ya matiti, niliziogopa homoni, nikachagua njia ya pili, nikaanza esitalopramu, mojawapo ya dawa hizo, miligramu 10, pamoja na vikao na mwanasaikolojia juu ya usingizi. Diazepamu niliiacha taratibu kwa ratiba aliyoniandikia. Jasho halijaisha kabisa, lakini ninalala hadi alfajiri siku nyingi, na darasani sijaitwa tena.

Mpwa wangu mwanachuo amekwenda pale pia, kwa sababu ya giza linalomwingia wiki moja kabla ya hedhi na kuondoka siku ya pili ya damu. Hakupewa dawa siku ya kwanza. Alipewa daftari la kuandika hali yake kila siku kwa mizunguko miwili, kwa kuwa ugonjwa huo, uliotambuliwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, hauthibitishwi kwa kumbukumbu za kichwani. Mpwa wangu aliona anacheleweshwa. Mimi ninaona walifanya sawa.

Mapungufu yapo, nami ninayasema kwa kuwa ninataka kliniki hii idumu. Miadi ya kwanza tuliipata baada ya siku 9, na kwa mzazi mwenye hali kama ya binti yangu siku 9 ni nyingi mno. Hakuna namba ya simu inayopokelewa usiku. Mkwe wangu aliachwa kwenye benchi la nje katika ziara mbili za kwanza, hadi nilipoomba aingizwe, ilhali ndiye anayeishi na mgonjwa. Na bei, ingawa ni ya haki kwa huduma hiyo, inamfungia nje mama ntilie anayeuza chakula hapo hapo mbele ya jengo.

Lakini pungufu kubwa kuliko yote haliko ndani ya vyumba vile vitatu. Wanawake hawaijui kliniki hii, na mahali wanapokwenda tayari hawaulizwi. Mjamzito hupimwa presha na mkojo kila hudhurio kwa hofu ya kifafa cha mimba, na mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, mama yake akiwa amembeba mgongoni na maswali 10 yakihitaji dakika 5 tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 wa namna ya kuingiza huduma hii katika kliniki za mama na mtoto, na linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili. Wala haihitaji bingwa kila mahali. Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wenye elimu ya sekondari, walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Nimemweleza daktari wetu kwamba ningependa muuguzi mkunga wake atumie hata siku moja ya wiki katika kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Alisema wameanza kuliombea kibali, na nitasasisha tathmini hii kikipatikana.

Kwa anayekusudia kwenda: beba kadi zako zote za kliniki, hata za watoto waliokwisha kukua, pamoja na majina ya dawa na njia za uzazi wa mpango ulizotumia. Nenda na mtu mnayelala nyumba moja, na useme mapema kwamba unataka aingie. Alhamisi foleni ni fupi kuliko Jumamosi.

Binti yangu ana ujauzito wa pili, wa miezi 6. Safari hii mpango umeandikwa mapema, ukurasa mmoja: anaendelea na setralini, mume wake anachukua zamu ya usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi, shangazi zake wawili wamesomewa dalili za hatari na kukubali, na maswali yale 10 atayajibu tena siku ya kumi baada ya kujifungua, wiki ya 6 na mwezi wa tatu. Ukurasa huo ameukunja ndani ya kadi yake ya kliniki, na muuguzi wa kituo cha afya anakompima presha ameusoma.